Daftari la mvua

Njoro, Jumapili jioni

Mwanangu,

Zile shilingi 3,000 zimefika. Mamako alizipokea kwa vigelegele, nami nikafurahi pia, mpaka aliponieleza zilikotoka: pesa ya kodi ya chumba uliiweka kwenye mkeka, na timu zote nne zikashinda. Eti ukamwambia, "Mwambie baba, si nilisema mimi najua mpira?"

Mambo ya kubeti tutayaongea ukija kutoka huko Kisumu, mamako akiwa sokoni. Kilichoninyima usingizi ni hilo neno "najua". Nalifahamu, nimeishi nalo.

Unakumbuka ule mwaka nilipopanda mahindi udongo ungali vumbi, majirani wakanicheka? Siku ya tano mvua ikanyesha. Tangu hapo hakuna mgeni aliyekunywa chai hapa bila kusikia jinsi nilivyousikia upepo wa upande wa Mau, nikajua. Wewe hadithi hiyo ulikuwa unanimalizia.

Juzi, nikitafuta karatasi za shamba, nikalipata daftari langu la zamani, jalada limetafunwa na panya. Siku ile ya kupanda nimeandika kwa penseli: "Ekari moja. Trekta ni ya kuazima, kesho inarudi kwa wenyewe. Mvua sijui." Basi. Upepo haumo. Nilipanda kwa sababu ya trekta!

Nikafungua kurasa za nyuma. Miaka mitatu kabla nilipanda vivyo hivyo, mvua ikachelewa, kunguru wakafukua mbegu. Hapo nimeandika: "Mvua ya siku hizi haina adabu." Yaani ikija ni akili yangu, isipokuja ni kosa lake.

Wala sikuwadanganya wageni kwa makusudi. Niliuamini ule upepo. Mwaka 1972, kabla Rais Nixon wa Marekani hajasafiri kwenda Beijing na Moscow, watafiti wawili, Baruch Fischhoff na Ruth Beyth, waliwaomba wanafunzi wakadirie uwezekano wa mambo kadhaa, kama vile Nixon kukutana na Mao, kiongozi wa China. Safari zilipokwisha, wakawaomba wakumbuke walichokuwa wamejibu. Kwa yale waliyoamini yametokea, wengi wakajikumbuka walikuwa na hakika kuliko walivyokuwa kweli. Walichokuja kukijua baadaye kilikuwa kimepenya mpaka kwenye kumbukumbu ya walichowaza mwanzo. Bahati mbaya yao, majibu ya kwanza yalikuwa yamewekwa. Yangu niliyaweka mwenyewe nikayasahau.

Sasa nikuulize. Usiku ule kabla ya mechi ya mwisho ulinipigia simu saa tano, ukiuliza kama nina akiba kidogo, "kama kutatokea shida". Hiyo ilikuwa sauti ya mtu anayejua? Saa ile mkononi ulikuwa na pesa ya mwenye nyumba na wasiwasi. Bao la baadaye haliwezi kurudi nyuma likayageuza hayo kuwa ujuzi.

Hizo 3,000 nimezinunulia mbolea, sitajifanya mtakatifu.

Mamako anasema yeye aliota utashinda. Nimemuuliza aliota siku gani. Ameniambia nimalize barua nikafunge ndama.

Babako