Kwa Mwanaidi, kuhusu kuteremka na gari la otomatiki

Tanga, mwanzo wa masika

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, watoto wanakuulizia kila siku. Nimefurahi kusikia umeshazoea baridi ya Lushoto.

Sasa nije kwenye swali lako. Ofisi imewachukulia ile Land Cruiser ya manyuo, yaani ya gea za mkono, na kuwaletea Prado ya otomatiki, na njia ni ileile ya kwenda Mtae. Unauliza kama itakushika kwenye miteremko. Itakushika, lakini sio kwa namna uliyoizoea, na tofauti hiyo uijue kabla mvua hazijakolea.

Kwenye manyuo ulikuwa unaingiza 4L, ile gea nzito ya matairi yote manne, na gea ya kwanza, unaachia klachi yote, unaweka miguu chini. Injini na matairi vinakuwa vimeshikana chuma kwa chuma. Ile 4L peke yake inapunguza mwendo karibu mara mbili na nusu, kisha gea ya kwanza inaongeza yake, kwa hiyo mlima ukilisukuma gari, injini inakataa. Ndiyo maana tulifundishwa kutogusa klachi katikati ya mteremko: ukiikanyaga tu, gari limebaki halina kizuizi isipokuwa breki.

Otomatiki haina klachi ya mguu. Kati ya injini na giaboksi kuna chombo kilichojaa oili, na nguvu inapita humo. Matairi yakisukumwa na mlima, ile oili inakubali kuteleza kidogo. Breki ya injini ipo, ila imelegea, na kwenye mteremko uleule Prado itashuka kwa kasi kubwa kuliko Land Cruiser. Tena ukiiacha kwenye D, gea ya mwendo wa kawaida, ndiyo mbaya zaidi. Ukiinua mguu kwenye mafuta, giaboksi inapanda gea yenyewe, ya pili, ya tatu, na hapo gari linaanza kukukimbia.

Kwa hiyo nakusihi, gea uichague ukiwa juu. Simama kabla mteremko haujaanza, kanyaga breki, weka N (gea huru), zungusha swichi ya 4L, usubiri mpaka taa yake iache kupepesa. Kisha peleka gea S, pale unapochagua gea mwenyewe, na uishushe mpaka isomeke 1. Kama gari lako lina L, yaani gea ya chini, weka L. Ndipo uachie breki. N wakati wa kushuka usiiguse kabisa. Wapo wanaoiweka wakidhani wanaokoa mafuta, na injini za siku hizi zenyewe hukata mafuta gari linaposhuka na gea.

Hata hivyo mguu wako utahitajika, na hapa ndipo ninapokuogopea. Usiikalie breki mteremko mzima. Kanyaga kwa uhakika mpaka mwendo upungue, achia kabisa, liache lishuke, kanyaga tena. Breki iliyobanwa muda mrefu inachemsha oili yake. Oili ya breki ya aina ya DOT 3 ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 205, lakini inavuta unyevu wa hewani, na ikishachakaa inaweza kuchemka kwenye 140 tu. Ikichemka inatoa mvuke, pedeli inazama mpaka chini, na gari haliitiki. Mwombe fundi akubadilishie oili hiyo wiki hii, usingoje sevisi.

Ile swichi yenye alama ya gari likishuka, inayokushikia mwendo yenyewe, itumie, ni msaada wa kweli. Land Rover ndio walioanza nao kwenye Freelander mwaka 1997, kwa kuwa gari lile halikuwa na 4L. Lakini elewa kwamba inabana breki zilezile, tairi moja moja, kwa hiyo joto ni lilelile. Iwashe pamoja na 4L na gea ya kwanza, isiwe badala yake.

Kwenye udongo mwekundu uliolowa, ukiona matairi yameganda na usukani hauitikii, achia breki. Najua moyo utakataa. Tairi lisilozunguka haligeuzi gari, na mguso mdogo wa mafuta hulirudisha kwenye mwendo wa gari.

Kwa kushuka peke yake, mimi bado nachagua manyuo. Ila utakaporudi umepakia, ukasimamishwa katikati ya kona ya kupanda na korongo liko nyuma yako, utaipenda hiyo Prado: hakuna kuhangaika na klachi na hendibreki huku gari linarudi.

Lijaribu kwanza kwenye mteremko mfupi, siku kavu, bila abiria. Halafu niandikie breki zinaitikiaje, na njia ya Mtae ikoje baada ya hizi mvua za kwanza.

Nisalimie mama sana.

Wako,
Zuhura