Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025

Ndugu wanachama wenzangu wa chama chetu cha waandishi wa habari, habari za majukumu. Yale ya kawaida mnayajua, semina ilifanyika, miti ilipandwa Uyole, misiba tumeshirikiana, picha ziko kwenye grupu. Tuko wanachama 58, waliolipa ada ya 30,000 ni 21 tu, jumla 630,000, matumizi 435,000 (ukumbi, chai, wino wa printa), salio 195,000, mwenye swali amuone mhazini.

Sasa hili la feloshipu ya Ujerumani, yaani nafasi ya mwandishi kwenda kule kufuatilia habari za tabianchi na nishati, maana maneno yamekuwa mengi, na wanaosema sana ndio hao hao kwenye kikao cha mwezi wa tano hawakuonekana, tulikuwa watu tisa na maandazi yakabaki. Kamati ilitoa barua ya chama ya kumpendekeza binti wa redio ya jamii, akachaguliwa, basi ikawa nongwa, eti mgeni kwenye fani, eti nimempendelea kwa kuwa ni wa kwetu Tukuyu. Ni wa Tukuyu kweli, na Tukuyu ina watu wengi.

Ukweli ni kwamba hizi nafasi za tabianchi na nishati hazigawiwi kwa ukongwe. Wanataka barua ya mhariri, kazi zako ulizorusha na wazo la stori linaloeleweka. Wakubwa watatu walileta wazo moja, "athari za mabadiliko ya tabianchi Tanzania", nukta, sijui nani alimtumia nani. Binti alileta jotoardhi ya Ngozi, ule mradi wa TGDC, kampuni ya serikali, wa kuvuna joto la chini ya ardhi karibu na Ziwa Ngozi, na sauti ya bibi wa pale jirani anauliza hiyo mitambo si itatukaushia ziwa? Akataka kwenda München kwa sababu kule maji ya moto yanavutwa toka zaidi ya mita 2,000 chini ya ardhi yanapasha joto nyumba za mjini, akawaulize wakazi wao waliambiwa nini kabla ya kuchimba. Hiyo ni stori jamani. Kipindi alichorudi nacho kimepigiwa simu nyingi, na barua ile niliiandika mwenyewe usiku umeme umekatika, lakini hilo halisemwi.

Na mjue nafasi zinapungua, Marekani walivyofunga shirika lao la misaada, USAID, mwaka huu programu kibao za waandishi zimeyumba. Kuna mwenzetu aliitaka nafasi ya kwenda COP30, ule mkutano wa dunia wa tabianchi kule Belém, Brazil, akaniomba barua dirisha limeshafungwa halafu lawama kwangu. Kwa hiyo msimamo wa kamati unabaki, anayedaiwa ada hapewi barua, awe mkongwe awe nani. Mkiona tumekosea uchaguzi upo, sijang'ang'ania kiti.

Mwakani Mungu akijalia tutatafuta mtu wa kutufundisha kuandika maombi kwa Kiingereza, pengine tuende Kiwira tukaangalie habari za makaa ya mawe, usafiri tutaona. Ada za nyuma pia zinapokelewa, namba ya mhazini mnayo, ukituma andika jina lako kamili, siyo "Mkali wa Mwanjelwa".