Mwanangu, ukiulizwa una la kuongeza, ongeza

Tanga

Kwako mwanangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Shikamoo yako tumeipokea, marahaba. Sisi hapa hatujambo, bibi yako miguu inamsumbua lakini anatembea. Nimeamua kukuandikia kwa sababu juzi kwenye simu tulikuwa watu watano tunagombania kusema, na jambo nililotaka kukwambia halikupata nafasi.

Ulisema umetoka kwenye mtihani wako wa kwanza wa mdomo huko chuoni Bologna, Italia. Mwalimu alikusogezea kalamu na karatasi, akakuuliza kanuni ya Faraday, ile ya sumaku kuzalisha umeme kwenye koili ya waya, ukaandika mlinganyo, ukaeleza kidogo, naye akanyamaza. Kisha akauliza kama una la kuongeza, ukajibu, "Hapana, asante." Akasema 24, akauliza kama unaikubali. Ukaikubali, ukaaga, ukatoka.

Halafu ukanieleza mimi, kwa dakika nzima na mtandao unakatika, kwa nini ile alama ya kutoa imekaa pale mbele ya mlinganyo. Kwamba umeme unaozaliwa ndani ya koili unapinga badiliko lililouzalisha, na kama usingepinga, mtu angesukuma sumaku mara moja akapata nishati ya bure isiyo na mwisho. Nimefundisha fizikia sekondari maisha yangu yote ya kazi, mwanangu, na maelezo yako yalikuwa safi. Sasa mbona hukumwambia yeye? Ulisema hukuona vizuri kuendelea kuzungumza mbele ya mtu mzima aliyekwisha kunyamaza.

Adabu hiyo tumekulea nayo sisi, na nitaendelea kuitetea. Lakini kule Bologna mwalimu akinyamaza hajachoka na wewe, anakupisha. Italia masomo mengi humalizikia kwenye mtihani wa mdomo, hata yale yanayoanza kwa karatasi. Alama ni 30, kufaulu ni kuanzia 18, na anayefanya vizuri mno huongezewa sifa juu ya hizo 30. Anayejibu alichoulizwa tu hufaulu. Anayetaka zaidi hueleza sababu ya jambo, mipaka yake, na linavyohusiana na lile la sura iliyotangulia. Akikuuliza una la kuongeza, ndipo mahali pa ile alama ya kutoa.

Na lile swali la kuikubali alama ni swali la kweli. Mwanafunzi wa kule anaweza kuikataa alama ya kufaulu, akarudi kwenye tarehe nyingine ya mtihani huohuo. Lina masharti yake, kwa hiyo ulizia mapema, na kabla ya kukataa chochote hakikisha tarehe nyingine ipo kabla hujaondoka. Hiyo 24 iache, ni alama nzuri. Nasemea mitihani inayokuja.

Kuna njia ya kujizoeza isiyogharimu kitu. Mitihani ya mdomo Italia ni ya wazi, mlango haufungwi. Nenda siku wanayofanya wengine, keti nyuma, sikiliza. Utaona yule mwalimu anapenda kuanzia wapi, anakata maneno ya mtu wakati gani, na wenzako wanajitetea vipi bila kumkosea heshima. Kaa hata asubuhi nzima. Ukirudi chumbani, chukua karatasi tupu, jieleze kwa sauti kama unamfundisha ndugu yako Hamisi. Kusoma kimyakimya kutakufikisha kwenye 24 tena.

Kingine kilichoniuma ni ulivyosema unajiona mgeni aliyekaribishwa kwa hisani, ndiyo maana hutaki kusumbua watu. Hebu fikiri chuo hicho kilivyoanza. Wenyewe wanahesabu tangu mwaka 1088, na katika karne zile za mwanzo walioshika hatamu walikuwa wanafunzi, tena wengi wao wageni waliotoka nchi za mbali kuja kusoma sheria. Walijiunga katika makundi kwa nchi zao, wakawalipa walimu wenyewe, na mwalimu aliyechelewa darasani au aliyeruka mada alitozwa faini. Mfalme Frederick Barbarossa ilibidi atoe amri katika miaka ya 1150 ya kuwalinda wanafunzi wasafiri, kwa sababu mwenyeji aliweza kumkamata mwanafunzi mgeni amlipe deni la mtu mwingine wa nchi yake. Wahenga wetu walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na Bologna ilipona hasa. Siku ukipata nafasi ingia jengo la Archiginnasio, lililomalizwa mwaka 1563, utazame kuta na dari zilivyojaa nembo za wanafunzi wa zamani. Halafu toka nje umsalimie Galvani, mwanasayansi wa umeme wa mji huo, sanamu yake iko hapohapo uwanjani. Ile galvanomita ya maabara yetu, ambayo kila mwaka wanafunzi wangu waliigombania, inabeba jina lake. Nipigie picha.

Na kama unadhani woga wako ni wa kwako peke yako, soma habari za Laura Bassi. Aprili 1732, akiwa na miaka 20, alisimama katika jumba la serikali ya mji, mbele ya maprofesa na umati wa watu, akatetea hoja 49 moja baada ya nyingine. Mwezi uliofuata akapewa shahada, na mwaka huohuo akapewa uprofesa wa kulipwa. Hata baada ya hapo walimbana, ruhusa ya kufundisha hadharani ilikuwa ya nadra, naye akafanya nyumba yake kuwa darasa na maabara ya fizikia kwa miaka mingi. Msichana mwenye somo lako, katika mji wako huo, alianza safari yake kwa kusema mbele ya wakubwa. Nalipenda jambo hilo kuliko yote niliyosoma kuhusu Bologna.

Kuhusu makaratasi sitakuchosha, ila moja nalisisitiza. Ile karatasi ya makubaliano ya masomo, iliyosainiwa na wewe, chuo chako cha hapa na chuo cha kule, ndiyo usalama wako. Ukibadilisha kozi hata moja, irekebishwe na wote watatu waridhie kwa maandishi kabla muda haujapita. Mpango huo wa Erasmus, wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi, unaokusomesha una mama yake, Sofia Corradi wa Roma. Alikwenda Marekani akasoma sheria Chuo Kikuu cha Columbia, aliporudi Italia miaka ya 1950 ikielekea mwisho, chuo chake kikakataa kuzitambua karatasi zake, kana kwamba alikuwa matembezini. Alipigania jambo hilo miaka mingi, na mwaka 1987 Erasmus ikaanza. Mwaka wako huu usije ukapotea kwa krediti ambazo hakuna aliyeziandika. Na ile risiti ya posta ya kibali cha kukaa usiiache chumbani mpaka kadi yenyewe itoke.

Kiitaliano nacho ukizungumze, hata kama mitihani yako ni ya Kiingereza. Irabu zao ni karibu na zetu na maneno yao mengi yanaishia kwa irabu, ulimi wako hautapata tabu. Vijana wa Kiwengwa na wa Malindi wamekipata ufukweni kwa kusikiliza watalii, hawakukaa darasani hata siku moja, na leo wanakula kwacho. Wewe unaishi katikati ya wenyewe. Zile njia zenye nguzo na paa zilizozunguka mji, watu hukaa na kuzungumza chini yake kama kwenye baraza zetu za Ngamiani, basi nenda ukae. Usijifungie jioni nzima unazungumza na sisi. Mama yako hatapenda nilivyosema hivi, lakini simu mbili kwa wiki zinatutosha.

Chakula uliza kabla ya kula, usione haya. Tortellini za hapo, zile tambi ndogo zilizojazwa nyama, kwa kawaida zina nguruwe ndani, na mchuzi wao wa nyama mara nyingi huchanganywa naye. Nyama ya halali mjini ipo, ulizia msikitini watakuelekeza.

La mwisho ni hela. Mama yako amenionyesha ujumbe wa ile pesa uliyotutumia, na mwenzako unayeishi naye ameniambia unakunywa chai kwa mkate usiku ili ubakize. Mwanangu, posho hiyo umepewa ule, ulipe chumba, na kodi za vyumba Bologna najua zilivyo. Hatukukupeleka huko ukatulishe sisi. Ada ya Hamisi ya chuo cha ufundi, VETA, nimeshaipeleka benki, dawa za bibi zipo za mpaka mwezi wa nne. Pesa uliyotuma nimeiweka, sitaigusa, na mwezi ujao usitume tena. Nunua viatu vya baridi vizuri na upike chakula cha usiku.

Mama yako, bibi na Hamisi wanakusalimu sana.

Wasalaam,
Ni mimi baba yako