Malalamiko Kuhusu Leseni Tano Zilizofungwa

Kwa Meneja Mkuu,

KUH: LESENI TANO ZA PROGRAMU YENU YA HESABU ZILIZOFUNGWA TAREHE 19

Salamu nakupa kwa kuwa ndiyo ada. Nimejizuia siku sita kabla ya kuandika, maana siku ya kwanza ningesema maneno ambayo mamangu hakunilea kuyasema.

Mfanyakazi wako wa kitengo cha leseni aliniita mwizi. Naanza na hilo kwa sababu mengine yote yana risiti. Aliniita mwizi kwa simu, ikisikika ofisi yangu nzima, hapa Shela, Malindi, kisha akatutoa watu watano kwenye programu kwa mpigo mmoja, makarani wangu wakiwa katikati ya kuingiza ankara, kesho yake ikiwa ni siku ya mwisho ya kuwasilisha VAT, kodi ya ongezeko la thamani.

Masharti yenu mnayajua, sitayarudia. Nilinunua leseni tano, nasi tu watu watano: mimi na makarani wawili hapa, mmoja Watamu, mmoja Lamu, Langoni. Hatujawahi kuwa sita. Kompyuta ya Lamu imeliwa na chumvi mara mbili, na hapa umeme ukikatika kazi ya asubuhi nzima hupotea, ndipo tukahamia kwenye seva, yaani kompyuta moja tunayoifikia sote kwa mtandao, kila mtu akiingia kwa jina lake na neno lake la siri. Seva ya Windows hukubali watu wawili tu, tena wa kuihudumia. Wanaozidi hapo hulipiwa ruhusa, kwa mtu au kwa kifaa. Nikazinunua tano, kwa mtu. Mwenye nia ya kuiba hulipia mlango wa kuingilia?

Programu yenu inasoma namba ya mashine. Imekuta leseni tano kwenye mashine moja, ikaanza kulalamika. Hilo naelewa, na ndiyo sababu nilipiga simu mwenyewe. Nikaambiwa seva ni kompyuta moja, basi leseni zangu nne hazina pa kukaa. Sijajibu, nikaambiwa tunaoingia ni watano, basi ninunue leseni ya seva kwa bei mara tatu. Mkininyima, mnahesabu mashine. Mkinidai, mnahesabu watu. Mimi hesabu ndiyo kazi yangu kwa miaka 17, na hesabu hii haifungi. Na Januari, kabla ya kuhama, niliwauliza kwa barua pepe, mkanijibu hakuna shida mradi tusizidi watano. Barua hiyo ninayo.

Narudi kwenye ile simu, maana nimeitaja kwa haraka na haistahili haraka. Ilikuwa saa tisa alasiri. Niliweka spika kwa kuwa mikono ilikuwa kwenye kibodi, nikifuata maagizo yake. Mbele yangu amekaa mzee mmoja mwenye nyumba za wageni, mteja wangu tangu nifungue ofisi, ananisubiri nimalizie hesabu zake. Nikamwambia kijana wenu, polepole, kwamba nimelipia watu watano. Akajibu: "Nyinyi watu wa pwani mmezoea vya bure. Huo ni wizi, mama." Karani wangu akakimbilia simu kuzima spika, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Mzee akainamisha macho. Hapo hapo skrini zote zikafunga. Mzee akaaga, chai yake nusu kikombe, na Jumatatu akatuma mtu kuchukua majalada yake. Mtu anayeshika fedha za watu akiitwa mwizi mbele ya mteja, anabaki na nini?

Hadi leo mmefungua leseni moja. Watu watano tunapokezana kama wenye ndoo bombani, wa Lamu zamu yake usiku. Wateja watatu walichelewa VAT, na adhabu yake ni shilingi 10,000 au asilimia 5 ya kodi, kilicho kikubwa. Nimewalipia mimi, 10,000 kila mmoja.

Nilipokaa kuandika nilitaka mnifungulie leseni na mniombe radhi, basi. Sasa nataka zote tano zifunguliwe ndani ya siku tatu, kwenye seva ile ile, bila nyongeza hata ya senti. Nataka shilingi 30,000 zangu. Nataka radhi kwa maandishi, yenye sahihi yako wewe meneja, nimpelekee yule mzee kwa mkono wangu. Na kijana yule asishike tena simu ya mteja.

Siku saba zikipita kimya, nitadai na bei ya leseni zote, pamoja na hasara ya mteja niliyempoteza, katika Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000. Nitasimama mwenyewe, na karani wangu atakuwa shahidi. Rasimu ya hati ya madai nimeshaiandaa. Nafasi ya tarehe ndiyo tupu.

Wako,
Mwenye ofisi ya hesabu, Shela, Malindi