Komoro si mchanga mweupe pekee

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nitoe neno juu ya makala ya utalii mliyoichapisha hivi karibuni kuhusu visiwa vya Komoro. Mwandishi aliviita "pwani isiyojulikana", akausifu mchanga, akazitaja volkeno na kasa katika sentensi moja, kisha akaurudia mchanga hadi mwisho. Nimewahi kukaa huko majuma matatu, na ninaona kwamba makala hiyo, ingawa imeandikwa kwa nia njema, inaweza kumpeleka mgeni akafanye madhara bila kujua.

Neno "isiyojulikana" lenyewe linanikera kidogo. Majahazi yamesafiri kati ya Ngazija, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Komoro, na miji ya Waswahili kwa karne nyingi, na mzungumzaji wa Kiswahili anayetua Moroni, mji mkuu, husikia lugha ambayo sikio lake linaidaka nusu nusu. Nilimpisha mama mmoja katika kichochoro cha mji wa kale, akaniambia "marahaba"; nikaona haya, nikidhani ananikumbusha shikamoo niliyosahau kuitoa, kumbe kwao neno hilo ndilo asante.

Kisa cha gombessa ni cha namna hiyo hiyo. Wanasayansi walimjua samaki huyu, silakanti, kwa mabaki yaliyogeuka mawe tu, wakaamini kwamba alitoweka zama za dinosaria, hadi mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Mtaalamu wa samaki J.L.B. Smith alisambaza vipeperushi vya kuahidi zawadi ya pauni 100 kwa atakayempata wa pili, akangoja miaka 14, na alipopatikana Nzwani, kisiwa kingine cha Komoro, mnamo Desemba 1952, waziri mkuu wa Afrika Kusini alimpa Smith ndege ya jeshi aende kumchukua. Wakati wote huo wavuvi wa Komoro walikuwa wakimnasa mara moja moja kwa mishipi yao mirefu, walikuwa na jina lake, na nyama yake yenye mafuta wala haikuwavutia.

Mchana gombessa hujificha katika mapango ya lava, zaidi ya mita 100 chini ya maji, kwa sababu mlima wa volkeno haukomi ufukweni bali unaendelea kuteremka baharini kwa mteremko mkali. Hapo ndipo makala yenu ilipopungukiwa. Volkeno si kivutio kimojawapo tu cha Ngazija. Kisiwa chote ni kazi yake. Mlima huo, Karthala, wenye urefu wa mita 2,361, ungali hai, na mwaka 1977 lava iliyotoka ubavuni mwake ilifika kijiji cha Singani ikazifukia nyumba. Nenda pia Chomoni, pwani ya mashariki, uone lava nyeusi ilivyoukatiza mchanga mweupe uliosagika kutoka kwenye matumbawe. Niliokota kipande cha jiwe hapo, chepesi kuliko nilivyotazamia, chenye vitundu kama chila.

Vitundu hivyo si jambo dogo. Mvua inanyesha kwa wingi Ngazija, lakini lava changa huifyonza yote, hivyo kisiwa hakina hata mto mmoja unaotiririka mwaka mzima, na vijiji vingi huishi kwa maji ya mvua yaliyokingwa mapaani na kuhifadhiwa katika mabirika. Karthala ulipolipuka Aprili 2005, na tena Novemba mwaka huo huo, majivu yaliingia katika mabirika hayo, na watu wengi wakakosa maji ya kunywa huku bahari ikiwazunguka pande zote. Mgeni anayejimwagia maji mara tatu kwa siku kwa sababu ya joto, kama nilivyokuwa nikifanya siku za mwanzo, mpaka mwenyeji wangu alipofunua birika na kunionyesha kimya kimya mstari wa maji ulivyoshuka ukutani, anahitaji kuambiwa hayo kabla hajafunga mizigo. Makala haikuyagusa.

Kuhusu kuupanda mlima nitasema kidogo tu: mtu asiende bila kiongozi wa hapo, kwa maana ukungu huweza kuifunika njia kwa muda mfupi. Ukilala huko juu, huenda ukamsikia bundi mdogo ambaye hapatikani popote pengine duniani isipokuwa kwenye miteremko ya Karthala.

Nililokusudia hasa kulieleza ni la Mwali, kisiwa kidogo kuliko vyote, ambacho hifadhi yake ya bahari ilianzishwa mwaka 2001 kwa makubaliano na wanavijiji wenyewe. Katika ufuo wa Itsamia kasa wa kijani hupanda kutaga karibu mwaka mzima. Tulikaa gizani zaidi ya saa nzima bila kuwasha chochote, tukisikia kwanza pumzi nzito, kisha mchanga ukirushwa kwa mapezi. Kijana aliyetuongoza alitueleza kwamba kasa anayemulikwa kabla hajaanza kutaga anaweza kugeuka akarudi baharini na mayai yake tumboni. Nao watoto wa kasa, wanapoanguliwa baada ya miezi miwili hivi, hufuata upande wenye mwanga, ambao usiku usio na taa huwa ni bahari. Kukiwa na taa nchi kavu hupotea njia, wakaishia kwa kaa na ndege.

Juu ya makala yenu mliweka picha kubwa ya kasa mchangani usiku, macho yaking'aa kwa mwanga wa kamera. Sijui aliyeipiga alipewa maelezo gani, lakini kila msomaji atakayesafiri ataitaka picha kama hiyo, na simu anayo mfukoni.

Siungi mkono wanaosema visiwa hivi viachwe bila kutangazwa. Walinzi wa Itsamia wanakesha wakiwazuia majangili, na wageni wanaolala na kula kijijini huwapa wenyeji sababu ya kuona kuwa kasa aliye hai ana faida kuliko aliye chunguni. Ninachoomba ni kwamba mtakapoandika tena juu ya Komoro mweleze habari za maji na za giza la Itsamia kabla ya kuusifu mchanga, mwandishi wenu awahoji wavuvi na walinzi hao badala ya wenye hoteli peke yao, na picha ile isirudiwe.

Ni mimi,
Msomaji wenu wa siku nyingi