Barua kwa vijana wa kijiweni, kuhusu ile fulana ya njano

Wanangu wa pale kwa fundi viatu, salaam sana. Naandika kwenye simu na macho yenyewe ndo haya, herufi zikikosewa mtanisamehe, ila hili jambo nimelibeba tangu Jumamosi nikaona bora niwaambie wote kwa mkupuo.

Yule mwenzenu aliyerudi na fulana ya mtumba toka Karume, imeandikwa Turn on, tune in, drop out, mkawa mnagombania nani aivae, na mmoja akatafsiri kwa kujiamini kabisa, "babu, hiyo maana yake pata stimu, tulia, acha shule". Mkacheka wee. Mi nikanyamaza. Lakini mi nimetengeneza redio miaka arobaini, na maneno mawili ya mwanzo hapo ni ya redio kabisa: washa, alafu tafuta stesheni. Nyie wa simu hamjui raha ya kutafuta stesheni usiku, mshale unasogea kidogo kidogo, kelele tupu kama samaki anakaangwa, mara sauti ya mtu inatokea safi kama yuko chumbani.

Msemo huo ulienezwa na Timothy Leary, Mmarekani, mwanasaikolojia aliyefundisha Harvard mpaka 1963 walipomwachisha. 1960 alikula uyoga fulani huko Mexico ukampindua akili, baadaye akaingia kwenye LSD, dawa ya kulevya inayomfanya mtu aone mambo yasiyokuwepo, na kuihubiri kama dini. Kwa maelezo yake mwenyewe, maneno yalimjia baada ya kula chakula na Marshall McLuhan, yule msomi wa Kanada wa mambo ya vyombo vya habari, ambaye alimshauri atafute kitu kifupi kinachoshika akilini, akamwimbia na kawimbo ka tangazo la soda. Yaani mnavaa tangazo mkidhani mnavaa uasi!

Tarehe 14 Januari 1967 akayasema San Francisco kwenye bustani ya Golden Gate, amevaa nguo nyeupe na maua kichwani, mbele ya vijana kama elfu 20 na zaidi. Wakati huo California LSD ilishapigwa marufuku tangu Oktoba.

Miaka mingi baadaye akaja kueleza kwamba kuwasha ni kuingia ndani yako uamshe kilicholala, tune in ni kutoka tena nje uishi kwa kupatana na dunia, na drop out ni kujitoa taratibu kwenye vitu vilivyokufunga bila wewe kuchagua. Akalalamika watu waliyachukua kama "lewa, uache kila kitu cha maana", yaani ileile tafsiri yenu.

Mi hapo simwonei huruma sana. Maana huyuhuyu ndo alikuwa anasisitiza kwamba dawa ile inategemea umeingia na moyo gani na uko wapi na uko na nani, sasa hilo mbona hakuliweka kwenye maneno yake matatu, si ndo lilikuwa la muhimu kuliko yote? Halikuimbika, akaliacha. Na yeye anasema drop out ana miaka 46, ana PhD yake ya saikolojia, watu wanamlipa aje aongee. Kiangazi cha mwaka huohuo watoto waliotoroka kwao wakamiminika mtaa wa Haight-Ashbury, hukohuko San Francisco, wengine hawana pa kulala, ikabidi madaktari wafungue kliniki ya bure mwezi wa sita, na ilipofika tarehe 6 Oktoba wenyeji wenyewe wa mtaa wakabeba jeneza barabarani kumzika kwa mfano "hippie", jina walilopewa vijana wa namna hiyo. Miezi tisa tu toka ile bustani, jamani.

Mi shule sikuacha, niliachishwa, mzee alifariki nikiwa darasa la sita na kaka akanipeleka kwa fundi mmoja nikamshikie tochi. Kwahiyo mtu akiniambia kuacha shule ni uhuru namwangalia tu.

Fulana vaeni, pamba yake nzuri. Ila yule mmoja wenu anayesema likizo ikiisha harudi fomu thrii, anajijua, kesho baada ya alasiri aje nyumbani, nina redio ya zamani haishiki stesheni hata moja na mikono yangu sku hizi inatetemeka, nataka mtu wa kunishikia tochi.