Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam: kituo cha gesi hakiishii kwenye uzio

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa kwenye foleni ya gesi asilia, hii inayoendesha bajaji na magari. Ni saa sita na robo usiku, bajaji yangu ni ya 43 kutoka kwenye pampu, na kijana wa kahawa anapita akigonga vikombe vyake. Kashika birika, na chini ya birika mkaa unawaka. Akisimama kummiminia mteja analitua jiko lake katikati ya bajaji mbili, analipepea kidogo, cheche mbili tatu zinaruka, kisha anasogea kwa mwingine. Kahawa yake nzuri, nimeshakunywa vikombe viwili. Ila kila bajaji anayoipita ina mtungi wa gesi nyuma au chini ya kiti, na mtungi huo ukijazwa unabeba presha karibu mara 100 ya upepo wa tairi la gari dogo.

Utaniambia mitungi yetu sisi wa kwenye foleni iko karibu tupu, ndiyo maana tumekuja. Kweli kabisa. Lakini wanaotoka wamejaza, na barabara ilivyobanwa wanatoka wakitupita bega kwa bega.

Ndani ya uzio sina neno. Abiria anashushwa, injini inazimwa, simu haipokelewi, mtungi wa kuzimia moto uko pale unaonekana. Ukivuka geti tu, mambo yote hayo yameisha. Nje kuna mama ntilie na jiko lake la chipsi, kuna fundi anayechomelea mageti hadi usiku, kuna sisi wenyewe na sigara zetu. Waliopima umbali wa usalama walipima kutoka kwenye mitambo hadi kwenye nyumba. Foleni hawakuipima. Na foleni ndiyo kituo chenyewe, kwa sababu humo ndimo watu walimo.

Usinielewe vibaya, Mheshimiwa. Siandiki kuipinga gesi. Tangu nifunge mfumo huu, hesabu ya bosi inatoka mapema na kinachobaki nyumbani kinaonekana. Ni gesi yetu, ya Songo Songo na ya Mtwara. Bomba la Mtwara limefika Dar es Salaam mwaka 2015. Ingekuwa aibu tulale njaa na gesi tunayo. Wala sijiungi na wanaosema vituo vipelekwe porini. Tukifanya hivyo tutakuwa na kituo kimoja mbali chenye bajaji mia mbili zimepangana, badala ya vituo vitano vyenye arobaini arobaini. Kwa macho yangu mimi, hatari inapungua pale foleni inapokatika.

Na hilo la porini, Dar tunalijua vizuri mno. Watu wa Mbagala na Gongo la Mboto wanakumbuka makambi yale ya jeshi yakiwa pembeni ya mji. Mji ukatembea ukayafuata, nyumba kwa nyumba, hadi ukutani. Aprili 2009 ghala la mabomu likalipuka Mbagala, na Februari 2011 ikawa zamu ya Gongo la Mboto. Watu walikufa, nyumba zikalala chini, watoto wakapotezana na wazazi wao usiku. Umbali uliokuwepo siku ya kwanza haukulindwa na mtu. Ndiyo maana nauliza: kibali cha kituo cha gesi kikishatoka, nani anakilinda kile kipande cha wazi kilichoachwa? Mwaka wa kwanza kinawekwa turubai, wa pili banda la mabati, wa tatu kuna fremu sita na mpangaji ana risiti.

Kwa jirani zetu nako tumeona. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, lori la gesi ya kupikia lililipuka Embakasi, Nairobi, kwenye mtaa wenye nyumba zilizobanana. Waliojeruhiwa walipita 200. Kesho yake EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, ikasema iliyakataa maombi ya kujenga pale mara tatu mwaka 2023, kwa kuwa michoro haikutimiza umbali wa usalama na eneo lina watu wengi. Karatasi zilikuwa zimesema hapana. Nani alikuwa na kazi ya kwenda kuangalia kama hapana imesikika?

Kuna jambo moja la kifundi nililoelezwa na aliyenifungia mfumo, na ningependa wapimaji wako walitafakari. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa; ikivuja inatambaa chini, inaingia mtaroni, inasubiri. Hii yetu ya magari ni nyepesi, inapanda. Kwa hiyo kituo cha mitungi ya kupikia tazama mitaro yake, na kituo cha magari tazama juu: kuna waya wa umeme? Kuna paa lililofungwa linaloweza kuikamata gesi? Kuna ghorofa inayoning'inia juu yake? Nimeona vyote viwili vikizungumzwa kama kitu kimoja, eti “gesi”.

Na huko mbele kuna hidrojeni, ambayo haijafika kwenye bajaji zetu ila wenzetu wanaijaza kwenye magari. Ni nyepesi kuliko hata hii, haina harufu, na moto wake mchana karibu hauonekani. Tarehe 10 Juni 2019 kituo cha hidrojeni kililipuka Sandvika, jirani na Oslo, Norway. Hakuna aliyekufa. Wawili walitibiwa kwa sababu mtikisiko uliifyatua mifuko ya hewa ya magari waliyokuwemo. Uchunguzi ulikuta boliti za kizibo cha tangi hazikukazwa sawasawa. Boliti tu! Hakuna kibali kinachoweza kuzuia fundi kusahau boliti. Nafasi ya wazi ndiyo inayomsamehe.

Sasa ombi langu. Najua leseni haitoki ofisini kwako. Kuna EWURA wa nishati, kuna NEMC wa mazingira, kuna Zimamoto, kuna manispaa. Lakini wewe ndiye unayeweza kuwaita wote wakae meza moja. Wakikaa, kiwanja kisichoweza kuingiza foleni yake yote ndani kisipewe kibali cha kituo. Wapimaji waje usiku, siyo saa nne asubuhi barabara ikiwa nyeupe. Wahakikishe gari la zimamoto linaweza kupita foleni ikiwa imejaa, maana kupiga 114 hakusaidii kama sisi wenyewe ndio tumeziba njia. Mabondeni wasijenge kabisa. Karakana ya mwendokasi pale Jangwani tumeiona ikiogelea.

Na ule mchoro wenye mstari wa umbali ubandikwe ofisi ya serikali ya mtaa, ukutani, siyo kwenye faili. Mwenyekiti wa mtaa wetu hajawahi kuuona, nilimuuliza. Mama ntilie naye asifukuzwe na mgambo sufuria zikapinduliwa. Apewe pa kupikia nje ya mstari, karibu kiasi cha sisi kumfuata kwa miguu. Tutamfuata, njaa ya foleni siyo mchezo.

Karibu uje ujionee, siku yoyote baada ya saa nne usiku. Ila usije na msafara, Mheshimiwa. Magari hayatapata pa kusimama.

Wako mtiifu,
Dereva wa bajaji, Temeke
(nimesogea, sasa ni wa 31)